Koki Kati ya Matangi Mawili

Jumatatu, 8 Julai
Kiti cha mkuu wa zamu kiko wazi. Miaka tisa niko kwenye kituo hiki cha betri, hapa Dalian. Nina miaka arobaini na mmoja na bado naitwa Qu Mdogo! Mhandisi Yin, mkubwa wetu, katangaza kwamba atakayetunza umeme vizuri wiki hii ndiye atakayepanda cheo. Maana yake ni mwenzangu Mu Chengfu. Mu wa miwani iliyofungwa plasta. Mu anayezisalimia pampu kila asubuhi. Haiwezekani.

Jumanne, 9 Julai
Dawa yake nimeipata. Safu ya Mu ina matangi mawili, kila moja kubwa kama nyumba. Katikati kuna bomba lenye koki. Nikiilegeza kidogo, chaji yake itashuka na hatajua kwa nini. Semina ya usalama ilizungumzia koki hiyo, nasikia. Mimi nilitia sahihi nikaenda kula chaza.

Jumatano, 10 Julai
Nimefungua saa nne asubuhi. Saa tano nikarudi kufunga. Haifungi! Bomba limepata joto. Kwenye kioo chake, maji ya zambarau yanageuka kijani. Betri ya simu ya shemeji ilivimba tu ikaunguza godoro; hii ni betri kubwa kuliko mtaa! Nikampigia mke wangu Shuqin, nikamwambia akimbilie kwa mama yake, mji wa Wafangdian. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, msalimie mama. Akauliza kama nimelewa.

King'ora. Nikajifungia chooni. Dirishani nikamwona Mu anakimbilia matangini, peke yake, bila glavu. Nilitaka kumwita. Nikafunga dirisha.

Alhamisi, 11 Julai
Hakuna kilicholipuka. Mu aliifunga koki kwa spana, ila kiungo cha bomba kilivuja na tindikali ikamwunguza mkono. Yuko hospitali.

Yin alitukusanya. Alisema hii si betri ya simu, jamani, haishiki moto. Matangi yote mawili yana madini yaleyale, vanadi, yaliyoyeyushwa kwenye tindikali. Upepo ukileta umeme wa ziada, pampu zinapitisha maji hayo pande mbili za utando mwembamba. Upande mmoja unakuwa wa njano, mwingine wa zambarau, na umeme umehifadhiwa. Mji ukiuhitaji, yanapitishwa tena na rangi zinarudi zilivyokuwa. Yakichanganyika, chaji inapotea kama joto, basi. Tutayasawazisha, tutayachaji upya. "Maji yanarudi," alisema. "Mkono wa mtu je?"

Akauliza nani aligusa koki. Akasema ataangalia kamera.

Kamera! Iko juu ya koki kabisa. Miaka tisa nilidhani ni taa.

Ijumaa, 12 Julai
Nimekwenda hospitali na pichi kilo mbili. Mpango: nimbembeleze Mu akubali kuwa ni yeye aliyeifungua. Kabla sijafungua mdomo akaanza kujilaumu, labda aliisahau koki wazi. Kisha akaniuliza, "Qu Mdogo, wewe mzima kweli? Hukuonekana. Nilijua umeanguka kule ndani."

Aliingia kule kunitafuta mimi!

Nikamwambia yote, nikitazama bandeji. Mwisho akasema, "Kamwambie Yin mwenyewe. Na hizo pichi ziache."

Nilikwenda ofisini kwake moja kwa moja. Yin hakuinua hata macho. Alisema ameshaona kila kitu tangu jana. Alitaka tu kujua kama nitakuja kwa miguu yangu.

Jumatatu, 22 Julai
Mu amerudi, mkono unapona. Ndiye mkuu wa zamu. Mimi sina zamu. Nadeki kumbi, na kila asubuhi nasoma kitabu cha usalama kwa sauti mbele ya wote. Nimeapa mbele ya Shuqin: kwisha, sitagusa tena kisichonihusu. Alilia kwa furaha.

Tatizo ni huyu Sui, mpiga deki mwenzangu. Sakafu yake inang'aa mno. Leo Yin kamsifu mbele yangu, mara mbili! Stoo kuna kopo la mafuta ya pampu. Tone moja tu kwenye ndoo yake. Halina madhara yoyote.

Nadhani.