Mkuki wa Kitambaa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimeuteremsha mkuki wa Baba kutoka darini. Kutu! Utando wa buibui! Na chini ya hayo yote, harufu ileile ya mafuta ya samaki aliyokuwa akiupaka. Nimekaa nao mapajani nusu saa nzima. Lornah, mke wangu wa miaka thelathini na mmoja, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nina mpango. Akasema afadhali kufiwa.

Mpango wenyewe ni huu. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita, kuna baraza. Debra, naibu wa chifu wetu, ataamua kama kinamasi cha Kadundo kichimbwe mtaro kikauke, jirani yangu Wechuli apande sukuma wiki na nduma. Wechuli anasema pale hapana kitu ila mbu. Mimi nasema kuna nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, anayejificha katikati ya mafunjo na kuacha pua tu juu ya maji. Baba aliwinda pale. Nilikuwa na miaka tisa nilipobeba paja la nzohe kichwani kutoka Kadundo hadi jikoni kwa mama, damu ikinichuruzika sikioni, na sijawahi kuwa mtu mkubwa kama siku ile. Wakikausha kinamasi, nitamwonyesha nani mahali pale?

Debra amesema akipatikana mtu aliyemwona nzohe kwa macho yake, kinamasi hakiguswi. Mtu mwingine, amesisitiza, si Bwana Owiti. Na picha zangu hazikubaliki. Haya ni matokeo ya mwaka jana, nilipompelekea picha ya nzohe naye akageuza nyuma akakuta mwezi wa Machi. Kalenda ya duka la dawa. Kosa dogo, watu wanalishikilia!

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Tutawinda bila kuua. Mkuki wa tete, mwepesi, na mahali pa chuma tunafunga kitambaa kilichochovywa bluu ya kufulia. Unarusha, unamgusa mnyama matakoni, anakwenda zake na doa lake. Baadaye mtu yeyote akimwona atajua huyu si wa kalenda. Mnyama mzima, kinamasi kizima, na sisi tumewinda. Mbona Baba hakulifikiria hili?

Nimempitia Debra kumweleza. Amesema mnyama wa pori hachezewi, na kwamba hata kumkimbiza tu kunahitaji ruhusa. Nikasema hatutamkimbiza, tutamsubiri. Akanitazama kwa muda mrefu. Nimechukulia hiyo kuwa ruhusa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimewaalika wazee wawili waliobaki katika kundi la Baba. Mzee Absalom ana miaka themanini na minne, haongei sana, na bado anatembea bila fimbo. Mzee Achola ana sabini na tisa na anaongea kwa niaba yao wote wawili. Walipoushika mkuki wa kitambaa, Achola alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kama tunakwenda kuwinda au kupiga deki. Absalom hakucheka. Aliupima mkononi, akasema uzito uko mbele kidogo, fupisha.

Halafu mzozo. Zamani aliyemchoma mnyama wa kwanza alipiga kelele akajisifu, jina lake, mama yake na ushujaa wake, ili wote wajue nyama ni ya nani. Sasa kama hakuna nyama, mkuki wa kwanza unapata nini? Tulijadili hadi chai ikapoa. Tumekubaliana: mkuki wa kwanza atakalia kigoda cha Baba nyumbani kwangu, na kuku ataanzia kwake. Lornah amesikia kutoka jikoni, akauliza kuku gani.

Majisifu ya Baba nayakumbuka neno kwa neno. "Mimi mwana wa binti wa Alego, mkuki wangu haurudi nyumbani na njaa!" Sheria ya kukataza kuwinda ilipokuja, alitii. Kidogo kidogo, lakini alitii. Ila kila Jumamosi aliuteremsha mkuki, akaupaka mafuta, akanong'ona maneno yale peke yake, kisha akaurudisha. Nilikuwa nikichungulia mlangoni. Leo nimelia kidogo nikiandika haya. Moshi wa jikoni pia ulichangia.

Jumapili, 10 Agosti

Siku mbaya. Lornah amegundua bluu yake yote imekwisha, na kwamba kitambaa cha mkuki ni kile kitambaa chake cheupe cha kwaya. Ameimba leo kanisani kichwa wazi, safu ya mbele, akinitazama mimi tu mistari yote minne.

Mchana, Wechuli amekuja na kondoo wake. Kondoo mweupe, doa la bluu matakoni. Jana nilikuwa nikifanya mazoezi kando ya kinamasi. Kulikuwa na ukungu. Kitu kilitikisika. Wechuli si mtu wa kugombana, na hilo ndilo linaloniudhi. Ameuliza tu kwa upole, "Bwana Owiti, huyu kondoo wangu anasoma shule gani? Naona ameshapewa yunifomu." Lornah amecheka! Mke wangu, mlangoni pangu, amemchekea Wechuli, akampa na uji.

Lakini nimerusha hatua kumi na tano na nimepata shabaha. Hilo hakuna aliyelitaja.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeandika haya nikiwa nimefunikwa blanketi, miguu kwenye karai la maji ya moto.

Tuliingia kinamasini alfajiri, watatu. Simu niliiacha nyumbani, Absalom alisema mwindaji hapigiwi simu. Akatupanga kama Baba alivyokuwa akiwapanga, upande wa ziwa, nyuso kwa upepo, maji kiunoni. Akatukumbusha tusitafute pembe, tutafute pua. Mafunjo yalinuka vilevile! Miaka hamsini, na harufu haijasogea hata kidogo. Nilijihisi na miaka tisa, isipokuwa magotini.

Tukasubiri saa nzima. Hapana kitu. Halafu Achola, ambaye hajawahi kunyamaza saa nzima tangu azaliwe, akaanza kujisifu. Kabla ya mnyama! Kabla ya mkuki! Akasema katika umri wake hana hakika ya kuwepo baadaye, heri aseme sasa. Akafumba macho, akainua mkono. Yeye Achola, aliyelala kitanda kimoja na mamba akaamka peke yake! Yeye mkwe wa Nyakach, aliyemaliza ugali wa matanga matatu kwa siku moja!

Sasa mtu akijisifu mbele yako nawe ukanyamaza, umekubali kuwa wewe si kitu. Ndivyo tulivyolelewa. Ikabidi nijibu. Nikasema mimi Owiti, mwenye duka la kutoa kopi Manyatta, ambaye mashine yake haijawahi kumkwamishia mteja karatasi. Achola akasema hiyo si sifa, hilo ni tangazo. Nikamwuliza mamba gani huyo, mbona hatujawahi kusikia habari zake. Akaanza kunieleza.

Katikati ya maelezo nikamwona Absalom. Alikuwa ameganda. Hatua sita mbele yake, juu ya maji meusi, pua. Matundu mawili madogo, yametulia, yanatusikiliza. Kisha masikio. Kisha pembe moja iliyopinda. Jamani! Nzohe!

Mkuki wangu ulikuwa umeelea umekwenda zake wakati nikibishana. Achola bado alikuwa amefumba macho, amefika kwenye mkia wa mamba. Absalom akainua tete polepole. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali, "Mimi mwana wa binti wa Alego, mkuki wangu haurudi nyumbani na njaa." Si majisifu yake. Ya Baba. Ndipo akarusha, na kitambaa kikamgusa mnyama mgongoni karibu na mkia, pap, bluu, naye akaruka maji yakatumwagikia sote akapotea kwenye mafunjo.

Absalom akakaa chini majini, maji hadi kidevuni, akilia. Akasema mzee wako alinifundisha kusimama hapa hapa. Nami nikalia, na safari hii hakukuwa na moshi. Achola akafumbua macho akauliza mbona tunalia, mamba alikufa.

Kwa hiyo Achola hakuona kitu. Nikamwomba Absalom atoe ushahidi Jumamosi. Akakataa. Mwindaji hasemi mbele ya wasiowinda mnyama analala wapi, aliapa hivyo kwa Baba, na Baba hayupo wa kumfungulia. Nikambembeleza njia nzima. Alizidi tu kutembea mbele yangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Barazani nilisimama nikaeleza kila kitu. Pua, pembe, doa. Kijana mmoja nyuma akauliza ni mwezi gani safari hii. Watu wakaangua vicheko. Achola akasimama kunisaidia, akasema hakumwona nzohe lakini anaweza kusimulia mamba. Absalom alitazama viatu vyake. Sikumlaumu. Nilitazama vyangu pia. Niliona mtaro ukichimbwa, mafunjo yakichomwa, na mahali pa Baba pakiota sukuma wiki.

Debra alikuwa amefungua kalamu. Akauliza kama kuna jingine.

Wechuli akasimama. Nikajua nimekwisha. Akasema yeye ana malalamiko, na anataka ofisi iyasikie kabla ya mambo mengine. Jana asubuhi kaingiliwa shambani, kitalu kile kilicho kando ya kinamasi. Matuta matatu ya sukuma wiki, yote, hadi mizizi! Anataka alipwe na watu wa wanyamapori. Debra akauliza, ni mbuzi? Wechuli, kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, akasema mbuzi gani mwenye kwato ndefu kama vidole? Mbuzi gani mwenye pembe za kupinda? Amemwona kwa macho yake mawili, mke wake Nelima amemtupia kandambili, naye akakimbilia kinamasini na matako ya bluu!

Vichwa vyote vikanigeukia.

Debra akamwomba arudie polepole. Maskini, akarudia. Akaongeza na rangi ya manyoya. Alipofika tena kwenye matako alinitazama, akatazama kalamu, akakaa chini mwenyewe. Debra akafunga daftari akasema kinamasi hakiguswi. Watu walicheka mpaka Wechuli naye akacheka, akaja kunishika mkono. Akasema angalau kondoo wake amepata mwenzake wa shule.

Absalom bado alitazama viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

Jumatatu, 18 Agosti

Kuku ameliwa. Absalom alikaa kwenye kigoda cha Baba, akaanza yeye. Nilimtazama pale, na kwa muda nikamwona Baba kabisa. Nilifurahi. Niseme ukweli wote? Niliona wivu pia. Mkuki ulikuwa wake, majisifu ya Baba, na ushahidi wa Wechuli. Mimi nilipata mafua.

Nimemwahidi Lornah basi, imetosha, sirudi majini. Ameificha bluu mpya. Chokaa ya kupaka kanisa haijafichwa, naona ndoo mbili.

Kiboko hutoka majini usiku, na ni mkubwa. Anaonekana hata kwenye ukungu. Nimeshaandika majisifu yangu mwenyewe, kurasa mbili na nusu, na nimeyakariri. Safari hii hakuna kubahatisha: nitayasema yote, mwanzo hadi mwisho, kabla sijarusha.