Kivuko Mbele ya Duka Langu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha wazazi, saa kumi jioni, darasa la pili. Tumekalia madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Ni vigumu kujenga hoja ukiwa umekunjwa namna hiyo. Nilijitahidi.

Jambo lenyewe: mwezi uliopita mtoto wa darasa hilohilo aligongwa na pikipiki akivuka kwenda shule. Mkono ukavunjika. Nyumba zetu ziko upande huu wa barabara, shule iko upande ule, hakuna namna ila kuvuka. Halmashauri imekubali kutuwekea kivuko: mistari myeupe, tuta na kibao. Kivuko kimoja tu. Kiwekwe wapi?

Mwenyekiti wa wazazi ana duka la madaftari pale penye bomba la maji. Anataka kiwe penye bomba. Yaani mbele ya duka lake! Mtu akijipendelea waziwazi namna ile mimi huwa nachukia sana. Nikasimama (dawati likasimama nami) nikapendekeza kiwe mbele ya duka langu.

Duka langu ni la fotokopi na picha za vitambulisho. Liko hatua themanini kutoka bombani, penye kona. Wiki iliyopita waliingia watu wanne, mmoja akiuliza bomba liko wapi. Sasa fikiria tuta. Gari linapunguza mwendo, dereva anageuza shingo, anaona kibao changu, anakumbuka hana picha ya leseni. Hii ni sayansi.

Kuna mzazi akaleta habari za kona. Nikamjibu kwamba dereva mzuri huijua kona. Binti yangu, aliyekuwa akinisubiri mlangoni na baiskeli yake, akauliza dereva mbaya je. Ana miaka kumi. Nyumbani tunamwita Jaji. Watu wakampigia makofi. Sikupenda.

Ofisa wa halmashauri akakata maneno. Watahesabu. Jumatano na Alhamisi, saa moja hadi saa mbili asubuhi, bombani na konani. Wanapovuka watoto wengi, hapo ndipo kitakapowekwa kivuko. Mwenyekiti akatabasamu. Acha atabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na akili. Nimechapa mishale ishirini, NJIA YA SHULE, herufi nyekundu, nikaitia nailoni isilowe. Nikaibandika kwenye nguzo zote kuanzia mtaani hadi mlangoni kwangu. Mke wangu akauliza tangu lini watoto wamesahau shule yao ilipo. Nikamwambia mtoto akiona mshale anafuata. Akasema yeye ameishi na mimi miaka kumi na mbili na hajawahi kuona mshale unaoelekea mahali pa maana.

Mchana kutwa nikasubiri. Mtu wa kwanza kufuata mishale alikuwa fundi wa kuzibua vyoo, aliyeitwa shuleni. Akaingia dukani na fimbo zake za chuma, jasho likimtoka, akauliza choo kiko wapi. Sikutaka kumvunja moyo. Nikamwonyesha cha kwetu. Akakizibua vizuri sana. Baadaye mwalimu mkuu akapita kumtafuta. Nikajitia hamnazo.

Mke wangu amefurahia choo. Kwa hiyo mishale haikupotea bure.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kwanza ya hesabu. Halmashauri imeleta dada mmoja, ameketi mbele ya duka langu juu ya kigoda, mwavuli kwapani, mkononi kidude cha kubonyeza. Mtoto akivuka, anabonyeza. Hacheki, hasemi, hanywi chai. Nimempelekea chai. Akaitazama mpaka ikapoa. Bombani yuko mwenzake.

Matokeo. Bombani: mia mbili na kumi na mbili. Kwangu: tisa!

Na katika hao tisa, watatu ni mtoto mmoja. Alidondosha kiatu katikati ya barabara, akarudi kukifuata, akavuka tena. Nikamwambia Dada kwamba mimi ni mwaminifu, naomba anipunguzie wawili. (Nilitaka aone nilivyo.) Akasema hapunguzi. Yeye ametumwa kuhesabu kuvuka, hakutumwa kuhesabu watu.

Nikaingia ndani. Nikakaa. Nikatoka. Nikamuuliza kwa utaratibu kama mtoto mmoja akivuka mara kumi inakuwaje. Akasema inakuwa kumi.

Kumi!

Nimenunua katoni ya pipi.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Ni baridi.

Saa moja kamili nilikuwa ng'ambo ya barabara na katoni. Masharti yalikuwa mepesi: kuvuka mara moja, pipi moja. Mwanzoni walikuja watatu. Dakika tano baadaye walikuwa ishirini. Kisha wakaanza kutoka bombani mbio, mabegi yakipiga mgongo, Mwenyekiti akiwaita warudi. Wanavuka, wanapokea, wanazunguka, wanavuka tena. Dada anabonyeza mpaka akabadilisha kidole. Mia moja! Mia mbili! Nilitamani mama yangu angeniona.

Jaji akaja akiikokota baiskeli. Hakuchukua pipi. Akaniambia, "Baba, hapa anayetoka konani hamwoni mtu." Nikamwambia aende shule, asinitie nuksi. Akaniambia kuna wa darasa la kwanza humu. Nikamwambia nao wanajua kuvuka, tazama, wamevuka mara kumi na nne. Akanitazama vile anavyotazama. Akaondoka. Nikadhani ameenda shule.

Hakwenda shule. Alirudi upande wa pili wa kona, akailaza baiskeli yake katikati ya barabara, akasimama pembeni akipunga sweta lake jekundu. Haya nimeelezwa baadaye. Mimi nilisikia breki tu.

Lori la mchanga. Lilipiga kelele ndefu. Likajitokeza konani polepole, likiburuta kitu, likasimama. Kilichokuwa chini yake ni gurudumu la mbele la baiskeli ya binti yangu. Niliijua kwa kengele. Kutoka bampa la lori hadi kwa mtoto wa kwanza zilikuwa hatua sita. Nimezipima. Walikuwa watoto kumi na mmoja, mashavu yamejaa pipi, hakuna aliyekimbia. Walikuwa wakisubiri zao.

Kwa muda sikumwona Jaji. Niliogopa. Naandika hivyo kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Kisha nikaona sweta.

Dereva akashuka. Hakutukana. Akaketi juu ya kigoda cha Dada, akashika kichwa, akasema kwamba kama si ile baiskeli. Hakumalizia. Dada akampa chai yangu ya jana au ya leo, sijui. Kisha akabonyeza kidude chake. Nikamuuliza anabonyeza nini tena. Akasema baiskeli nayo imevuka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala vibaya, nimeamka vizuri. Hesabu ni hesabu. Asubuhi ya jana kwangu: mia nne thelathini na moja! Bombani: themanini na tatu. Ukijumlisha siku zote mbili, bado naongoza. Nimevaa shati jeupe.

Kikao saa kumi, madawati yaleyale. Ofisa akasoma tarakimu. Minong'ono. Mwenyekiti akawa mdogo kitini. Nikaanza kuinuka nitoe shukrani. Ofisa akasema bado kuna maelezo ya mhesabu. Akayasoma yote: "Watoto hamsini na wanane. Pipi. Hesabu ya pili ifutwe. Konani asivuke mtoto yeyote, hata kwa pipi."

Kivuko kitawekwa bombani.

Nilipinga. Nikasema nimeonyesha, kwa vitendo, kwamba kona ile ni ya hatari na inahitaji kivuko. Mwalimu mkuu akasema wazazi wana bahati kwamba mishale yangu ilimleta fundi wa choo tu. Mwenyekiti akakunja karatasi zake. Angenichamba ningepata pa kuanzia.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yangu mkubwa amekuja. Yeye ni nesi, na ndiye aliyemnunulia Jaji ile baiskeli. Nikajiandaa kwa fimbo ya maneno. Nikatengeneza utetezi wenye sehemu tatu.

Hakugomba. Akaliangalia gurudumu, limekunjika kama chapati. Akasema ule mkono wa mtoto wa darasa la pili yeye ndiye aliyeufunga plasta, na muda wote mtoto alikuwa akiomba asiambiwe baba kwamba begi limechanika. Akaniuliza wale kumi na mmoja wanaitwa nani. Nikamtajia wawili. Akasubiri. Nikasema mmoja alikuwa na kofia. Akasubiri tena.

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamwambia nilikosea. Nilimaanisha, kwa sauti kabisa. Akanishika bega, akaondoka na fremu ya baiskeli kuipeleka kwa fundi wa baiskeli, ng'ambo ya bomba. Akasema kazi yangu ni kwenda kuichukua itakapokuwa tayari. Nikaapa.

Jaji hakuongea nami mchana kutwa. Jioni akanipitishia chumvi bila kuombwa. Nimeichukulia kuwa msamaha.

Alhamisi, 27 Machi

Kivuko kimekamilika. Mistari myeupe, tuta, kibao chenye watoto wawili walioshikana mikono. Sijakikanyaga. Watu wanasema gari zinasimama, watoto wanapita kama mawaziri. Duka la Mwenyekiti limejaa madereva walioshuka kunyoosha miguu. Nilisema! Sayansi! Hakuna anayenikumbuka.

Baiskeli ilikuwa tayari tangu wiki iliyopita. Sikuichukua. Kwenda kwa fundi lazima uvukie bombani, na Mwenyekiti angeniona nikitumia kivuko chake. Jaji akawa anakwenda shule kwa miguu. Nikamwambia kutembea ni afya. Jana ameifuata mwenyewe.

Isitoshe, mwalimu mkuu amemfanya kiongozi wa kikosi cha barabara. Kizibao cha njano kinachong'aa, filimbi, na daftari la kuandika wanaovunja sheria. Najivunia. Nimewaambia wateja wote wawili.

Leo asubuhi nilikuwa na barua ya kupeleka upande wa pili. Bombani ni hatua themanini kwenda, themanini kurudi. Kwa barua moja! Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikavukia konani, kama juzi na jana. Filimbi ikalia mpaka masikio yakaziba. Jaji alikuwa bombani, amenyoosha kidole, watoto wote wamenigeukia. Akafungua daftari. Akaandika. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Mchana, baada ya shule, akaja dukani. Rasmi, na kizibao. Akaweka karatasi juu ya meza: orodha ya watu wazima waliovukia konani wiki hii. Mwalimu mkuu anataka nakala sitini, zibandikwe getini na mitaani, na kila Alhamisi kutakuwa na orodha mpya. Majina matatu tu. Langu ndilo la kwanza, la pili na la tatu.

Nikamuuliza kama ni lazima. Akasema, "Baba, ukivukia bombani hata mara moja nakufuta." Alisema taratibu, akinishika kidole, kama anavyoshikwa mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwahidi kwamba kuanzia kesho.

Kisha nikawasha mashine. Nakala sitini! Sijapata kazi kubwa hivyo tangu mwaka uanze. Zimetoka safi, jina langu linasomeka kutoka mbali. Na nikawaza: kila Alhamisi. Lakini bila majina hakuna orodha, na bila orodha hakuna nakala. Mimi peke yangu nitavuka mara ngapi?

Ndani ya droo kuna nusu katoni ya pipi. Watu wazima nao wanapenda pipi.