Sebule Isiyokaliwa

Jumatatu, 3 Machi
Ijulikane kwa walimwengu wote: sebule yetu ina makochi meupe. Lile kuukuu, lenye shimo la umbo langu, nimelisukumia kibarazani nyuma ya jiko. Sababu ni nzito. Mama mkwe anakuja kwetu siku chache, kisha kwa shemeji, ndipo achague pa kuishi. Mke wangu hataki kitu kingine duniani ila mama yake achague kwetu. Ameyafua mashuka safi upya. Shemeji ana mapazia ya rangi ya dhahabu. Vita vimeanza.

Jumanne, 4 Machi
Mito nimeipiga kiganja katikati, imesimamisha masikio kama sungura. Vitabu vimepangwa kwa rangi. Malimau ya plastiki bakulini. Kukaa marufuku. Mke wangu akauliza mgeni atakaa wapi. Maswali ya kukatisha tamaa!

Jumatano, 5 Machi
Amefika. Alisimama mlangoni, akauliza taratibu kama tumefungua duka la fanicha. Akakaa ukingoni kama anayesubiri kung'olewa jino. Akaomba kisu akate limau la chai. Nikasema hayajaiva. Akaliminya, likabonyea, akanitazama kwa huruma. Chai aliinywa wima, mimi nikikinga matone kwa kitambaa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mama mkwe kamwambia bintiye kwamba afadhali awahi kwa shemeji, asije akatuchafulia nyumba. Mke wangu hanisemeshi. Sahani yangu ilitua mezani kwa kishindo. Nikaongeza mito.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi begi lake lilikuwa mlangoni, mwenyewe hayupo. Nikafuata kicheko hadi nyuma. Mama mkwe kazama kwenye shimo langu la kochi kuukuu, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mboga. Mke wangu kamwegemea begani kama mtoto.

“Baba, mbona hapa ndipo nyumbani?” akasema mama mkwe. “Kule mbele umemwekea nani?”

Begi likarudi chumbani. Anabaki! Mke wangu akalia, akacheka, akanimegea mkate wake.

Jumamosi, 8 Machi
Niseme kweli, maana hakuna anayesoma: mito yangu ilikaribia kumfukuza, kochi bovu ndilo lililomzuia. Nimelirudisha sebuleni pamoja na ndoo. Somo limeniingia: watu wanataka raha. Kwa hiyo nimetupia blanketi kizembe, kwa kupima, na kuchora chaki sakafuni ili ndoo isisogee. Mama mkwe nimemwomba asiinuke mpaka shemeji aje aone. Mke wangu kakalia blanketi. Nimemsihi kwa upole ahame, anaharibu mikunjo.