Telomerasi Tele, Chupa Arobaini

Jumatatu, 3 Machi 2014
Redio imenifungua macho! Kuna kimeng'enya kinaitwa telomerasi. Seli ikiwa nacho haizeeki. Mtangazaji akaingia mambo ya matiti na saratani, betri zikaisha. Si kitu, nilishapata changu. Nimechanganya asali ya Kibondo na tangawizi, chupa arobaini. Lebo: TELOMERASI TELE. Mudathiri wa duka la mbele na sabuni zake za kung'arisha atajiju.

Jumatano, 5 Machi
Wateja wa Kasulu! Hawanunui cha kunywa mpaka muuzaji au mtu wa nyumbani kwake aonje kwanza. Ndiyo mila, hakuna kubisha. Mimi asali inanichoma tumbo. Nikamwita mke wangu Safina. Kila mteja, kijiko. Vijiko kumi na tisa, maskini. Lakini tumeuza!

Jumanne, 11 Machi
Safina ana uvimbe titi la kushoto. Alimwambia dada yangu Mwajabu kwanza, mimi nimesikia mwisho. Hospitali wamemchoma sindano, wakachukua nyama kidogo ikapimwe Mwanza. Nikamwuliza nesi Rosa, kwa werevu wangu, kama telomerasi ingemsaidia. Akasema titi lenye afya huwa nayo kidogo mno. Inakojaa ni kwenye seli za saratani, ndiyo maana hazichoki kuzaana.

Nimemlisha mwenyewe, kwa kijiko!

Jumamosi, 15 Machi
Nimefunga duka. Mudathiri kaleta uji wa mgonjwa, mnafiki mkubwa. Uji mtamu lakini. Safina anauliza mbona chupa nimezificha nyuma ya magunia ya maharage. Nampenda mwanamke huyu. Sijawahi kumwambia. Naogopa.

Alhamisi, 27 Machi
Si saratani! Uvimbe wa kawaida, watautoa. Alhamdulillahi. Nimelia mbele za watu. Nikamweleza Rosa habari ya vijiko. Kacheka mpaka kashika meza. Kasema asali na tangawizi havina telomerasi hata chembe.

Ijumaa, 28 Machi
Baada ya swala nimetubu. Biashara ya dawa, basi.

Alasiri nikafikiri. Kama haina hata chembe, si ndiyo hasa inayotakiwa? Nimebandua lebo zote. Mpya: HAINA TELOMERASI KABISA. Ukweli mtupu, Mungu shahidi!

Safina kagoma kuonja. Kasema nionje mwenyewe, na tumbo langu nilijue mwenyewe. Nimempigia simu mama mkwe, nimemwomba kwa heshima zote aje kutusalimia kesho. Anapenda sana vitu vitamu.