Kapu la Insaf Lafikishwa Mbele ya Kamati

Idara ya Ulinzi wa Uvumbuzi, tawi la Kairo, inayo furaha kuutangazia umma kwamba tangu iundwe haijaibiwa uvumbuzi hata mmoja. Haijasajili hata mmoja pia, lakini hilo ni suala jingine.

Mimi ni katibu wa Kamati, na natoa taarifa hii bila upendeleo.

Mwombaji alikuwa Hajji Shukri, fundi bomba mstaafu. Alileta kapu la kamba, lile ambalo kila nyumba hulishusha dirishani kununulia mkate. La kwake lina kifuniko. Likigusa chini hujifunga lenyewe, na halifungui mtu ila ajuaye mahali pa kubonyeza. Alilitengeneza kwa ajili ya mkewe Insaf, magoti ya mama huyo yalipokataa ngazi, maana paka wa mtaa walikuwa wakimla samaki wake njiani. Sasa Insaf ni marehemu, na mzee ana ombi moja: kapu lisajiliwe kwa jina la mkewe.

"Jina la mwanamke wa ghorofa ya tano halina uzito kitaifa," alisema Mkurugenzi wetu, Midhat Bey. "Tutaliita Kapu la Midhat."

"Bey, wewe magoti yako mazima," alijibu Hajji.

Hapo Hajji alitolewa nje. Kanuni iko wazi: mvumbuzi asikae karibu na siri ya uvumbuzi wake, asije akaiiba. Akashuka, akaketi barazani kwa Zinhum muuza chai, chini ya dirisha letu.

Mkurugenzi alifunga mlango kwa ufunguo, kuilinda siri. Sisi wanne, Mwenyekiti wa Kamati akiwemo, tulitafakari hadi koo zikakauka. Mkurugenzi akachungulia dirishani.

"Zinhum! Chai nne, sukari ya kutosha!"

"Mlango si umefungwa, Bey?"

"Nakushushia ufunguo."

Ndivyo mama yake Mkurugenzi alivyofanya, na bibi yake: mgeni akiita chini, ufunguo hushuka kapuni. Kapu la karibu lilikuwa la Hajji. Likashuka vizuri sana, likagusa chini, likajifunga.

Zinhum alivuta kifuniko. Akakipiga ngumi. Akakitisha kwa maneno nisiyoweza kuyaandika.

"Hajji Shukri," aliita Mkurugenzi kwa upole ambao hatukujua anao, "hebu bonyeza hapo."

"Siruhusiwi kusogelea siri, Bey. Kanuni yenu."

"Nakuruhusu!"

"Kwa maandishi? Na jina?"

Kamati ilijadili hali ya usalama, na hasa hali ya kibofu cha Mwenyekiti. Cheti kikaandikwa, kikapigwa muhuri: Kapu la Insaf. Kwa kuwa kulikuwa na upepo, kilihitaji kizito cha kukishusha. Mkurugenzi alivua kiatu cha kushoto, akakisokomeza cheti ndani, akakidondosha.

Hajji alikisoma cheti polepole. Akaligusa lile jina kwa kidole. Kisha akabonyeza, akampa Zinhum ufunguo, akakitia kiatu kapuni na kulitua chini. Likajifunga.

Tulipofunguliwa, Midhat Bey alishuka akirukaruka kwa mguu mmoja, kwani ngazi zetu hazifagiwi.

"Mzee wangu, kiatu."

"Kinalindwa, Bey," alisema Hajji, akinywa chai. "Lete maombi. Nakala tatu. Lakini usikae karibu nacho, usije ukakiiba."