Kamera Mpya Inauzwa Bila Jicho

Jumatatu, 4 Machi
Kamera mpya imetangazwa leo. Sebuleni kwangu kulikuwa na watu wawili tu, kelele kama za soko. Binti yangu, mpiga picha, na Flashi, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, mpinzani wake. Tunamwita Flashi kwa sababu huwasha ile taa yake hata saa sita mchana. Alikuja kuangalia tangazo kwenye kompyuta yetu, kwake mtandao unakwama. Wamebishana mpaka chai ikapoa. Flashi anasema mteja haangalii picha, anaangalia kamera. Binti yangu anasema kamera huzeeka upesi, lenzi nzuri unakaa nayo, bora akiba yake aiweke kwenye lenzi.

Nikauliza, kwani kamera haiji na lenzi yake? Wakacheka! Eti wanauza bodi peke yake, lenzi ujitafutie. Ni kama kuuziwa sufuria isiyo na kitako. Wizi mtupu.

Mimi nina hofu. Jumamosi Mama Vitambaa anaoza binti yake, na mpiga picha bado hajachagua. Wanawake wote wa hapa hununua dukani kwake. Atakayepiga harusi hiyo hatakosa kazi tena. Na studio ya mwanangu iko kimya siku hizi, anafuta vumbi tu. Flashi akitokea na kamera hiyo, tumekwisha.

Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 5 Machi
Nimefanya jambo. Saluni! Nimesema kwa sauti ya chini, ile inayosikika mpaka mlangoni, kwamba kamera mpya ina jicho kali mno. Inaona hata makunyanzi ambayo bado hayajatoka. Msusi aliacha kusuka. Mama mmoja alijifunika taulo usoni.

Si uongo sana. Flashi mwenyewe alisema inaonyesha kila kitu. Nimerudi nyumbani kwa madaha.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Kumbe mwanangu ni mjanja kuliko nilivyodhani. Duka la kamera limeletewa moja ya majaribio, na yeye ndiye aliyewahi kuomba zamu ya kuiazima Jumamosi. Akakimbia kwa Mama Vitambaa na habari njema. Mama Vitambaa nusura aanguke kitini. Hiyo inayofukua makunyanzi? Usiniletee harusini, mwanangu, maadui zangu wote wamealikwa!

Basi binti yangu akaiachia zamu yake, amfurahishe mteja. Amekuja kuniuliza, mama, hivi watu maneno haya wanayatoa wapi? Nikasema dunia imeharibika. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimerekebisha. Saluni tena. Nimesema nilisikia vibaya, kamera ile inapunguza miaka. Mashavu yanapanda yenyewe. Msusi akauliza, sasa shoga, lipi ni lipi? Nikasema inategemea na moyo wa mtu.

Kabla ya jioni Mama Vitambaa anaitaka kamera mpya, nyingine hataki hata kuiona. Na zamu anayo nani? Flashi! Aliidaka mara tu mwanangu alipoiachia. Kazi kapewa yeye.

Mwanangu amejifungia chumbani bila kula. Mimi pia sikula, isipokuwa sahani yake.

Ijumaa, 8 Machi
Mungu yupo. Flashi amekuja kichwa chini. Kamera anayo, jicho hana! Lenzi zake ni za kampuni nyingine, hazishiki kwenye bodi ile, na za dukani zimeazimwa zote. Ya binti yangu ndiyo inashika. Shikamoo mama, hujambo mama, sauti laini kama mafuta ya nywele. Nikamwambia mwenyewe hayupo. Akasema atamtafuta.

Atafute! Nimeichukua lenzi nikaificha. Mwanangu husema maadui wa lenzi ni joto na vumbi. Sasa ni wapi hapana joto wala vumbi? Friji! Nimeisukuma nyuma ya maziwa. Halafu watu wanasema sikusoma.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamshwa na makabati yakifunguliwa. Mwanangu anatafuta lenzi, machozi yanamlenga. Kumbe jana walikutana njiani wakapatana: bodi ya Flashi, lenzi ya mwanangu, wapige harusi pamoja. Mama Vitambaa ameshakubali. Mbona mimi siambiwi mambo?

Nikaenda nikaitoa. Mwanangu aliitazama lenzi, akanitazama mimi, akaitazama lenzi. Afadhali angefoka.

Nyumbani kwa bibi harusi joto tupu. Lenzi, bado ina baridi ya friji, ikafanya ukungu kama kioo cha bafuni. Flashi anapangusa, unarudi. Anapangusa, unarudi. Na Mama Vitambaa ameshakaa kitini: haya pigeni, poda isije ikayeyuka! Mwanangu akapiga, uso umemkauka. Mama Vitambaa akataka kuona. Nikafumba macho.

Halafu kigelegele! Jamani, njooni mnione, nimekuwa msichana! Sina hata mkunjo! Dada zake watatu wakagombea kiti. Binti yangu akafungua mdomo aeleze, Flashi akamkanyaga mguu.

Baadaye ukungu ukaisha. Picha za bibi harusi zikatoka safi, nzuri mpaka nikalia. Mama Vitambaa akauliza ni nani kaiharibu kamera.

Jumapili, 10 Machi
Mwanangu ameniketisha, mkono wangu ndani ya wake. Kwa upole. Unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, mama, na kuvu ikishaingia, lenzi imekufa. Hii imepona kwa bahati tu. Niahidi, friji usiiguse tena. Nimemwahidi kwa moyo wote. Tumekumbatiana, tumelia, mimi zaidi.

Mchana wakaja wale dada watatu wa Mama Vitambaa. Kila mmoja anataka picha ya usichana kama ya dada yao. Mwanangu akasema ukweli, kwamba haiwezekani. Wakanuna, wakasema watapita kesho asubuhi kwa mara ya mwisho, la sivyo wanakwenda kwingine.

Wateja watatu, hivi hivi tu!

Ahadi ni ahadi. Friji yangu sijaigusa. Jirani ana friza.