Picha ya Baba na Kibuyu cha Mursik

Jumatatu, 11 Agosti 1986

Mwalimu Nduta, ulipohamishiwa Thika ulinipa daftari hili, ukasema niandike likizo yote kisha nikutumie usahihishe. Ukasema nisifiche. Naahidi. Nitaandika yote, hata yale ambayo mtu mwenye akili angeyaacha.

Leo nimepata mashine ya kuchapa picha! Yangu mwenyewe!

Sababu ni Dada Chepngetich. Jumamosi wazee kutoka Moi's Bridge wanakuja kwetu Kapsoya kwa koito, yaani kukubaliana posa yake na Kipkorir. Dada amesema hataki vyombo wala blanketi. Akiolewa anataka kwenda na picha ya Baba, basi. Picha hatuna. Ilikuwepo moja, paa likavuja, ikaisha. Kilichobaki ni negativu ndani ya kitabu cha nyimbo cha Mama, ile filamu ambayo kila cheupe huonekana cheusi. Baba alifariki kabla sijaanza kutembea. Kwa hiyo mimi ninamjua Baba mwenye uso uliopauka kama majivu, nywele nyeupe na meno meusi. Pia ana nukta nyeupe mdomoni. Ni vumbi. Nimeifuta kwa leso, haitoki.

Studio ya mjini wamesema siku hizi ni picha za rangi tu. Hizi za zamani hupelekwa Nairobi, wiki tatu. Koito ni siku tano zijazo.

Nikaenda kwa Mzee Gerishon, aliyekuwa mpiga picha na sasa anauza mbegu za mboga nyuma ya soko. Mashine yake bado ipo, chini ya magunia. Ni sanduku la mbao lenye kioo juu na kifuniko cha kubana. Unaweka negativu, unaweka karatasi, unawasha taa ndani, unahesabu. Alisema imechapa harusi nyingi za mji huu, isiniaibishe na mimi nisiiaibishe. Akaniongezea karatasi sita na pakiti mbili za dawa. Nikampa jogoo wangu mweupe.

Jogoo ni wangu kweli, nilipewa na Kogo, nyanya yangu. Ila Shangazi Rael alikuwa amempangia wageni wa Jumamosi. Sikujua.

Nilijua kidogo.

Namshukuru Mzee Gerishon. Namshukuru jogoo pia.

Jumanne, 12 Agosti

Kazi hii inataka giza. Stoo ya mahindi ina nafasi kati ya mbao. Chooni kuna foleni. Nikakumbuka tangi la mabati lililotoboka, lililolazwa nyuma ya zizi. Ukiingia na kuvuta kifuniko huoni hata mkono wako, saa sita mchana! Nimelifagia. Nimeingiza mashine, tochi, na trei mbili za Mama zile za wageni. Mama hajauliza. Mama ana mambo mengi wiki hii.

Kuna tundu moja la kutu linaloingiza jua. Nimeliziba kwa ugali.

Ya kuonea humo inatakiwa taa nyekundu, maana nyeupe huiunguza karatasi ya picha. Njambi wa darasani kwetu ndiye mwenye karatasi nyekundu ya kung'aa ya kufunikia tochi, ya peremende alizoletewa na baba yake. Nimetembea mpaka Elgon View. Njambi alinikaribisha getini kwa kusema geti limekuja kutembelea geti. Ananiita Geti kwa sababu ya mwanya wangu wa meno. Kisha akanionyesha albamu yake, picha thelathini za rangi, na zote ni za Njambi. Nilimwambia kwangu zitachapwa picha za watu waliopigwa wakiwa wanafanya kazi. Alinuna. Akasema karatasi nitapata nikimwandikia insha ya likizo.

Mwalimu, insha ya Njambi juu ya "Faida za Kufuga Nyuki" ni yangu. Nimeahidi kutoficha. Tafadhali usimwambie mwalimu mpya.

Namshukuru Njambi, kwa sababu taa yangu ni nyekundu kabisa.

Jumatano, 13 Agosti

Msiba. Nilichanganya pakiti ya kwanza ya dawa. Nikahesabu mwanga kwa Sala ya Bwana, mpaka kwenye riziki. Nikatia karatasi kwenye trei. Ikawa nyeusi tii. Nikatia ya pili. Nyeusi! Nikainua macho: mwale wa jua umenichoma usoni. Kuku walikuwa nje wamekula ugali wangu.

Nimeziba upya kwa sabuni. Karatasi zimebaki nne.

Halafu dawa. Maandishi ya pakiti yanasema ikishachanganywa itunzwe kwenye chupa ya kahawia, ifungwe kabisa, isipate mwanga wala hewa. Chupa za kahawia za hapa Eldoret ni za bia. Mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Chupa ya bia ikionekana kwetu, hata kama ina maji ya ubatizo, Jumapili tutaombewa kwa majina.

Nikafikiri sana. Ni chombo gani kinafungwa kabisa, hakina mwanga ndani, na kiko katika kila nyumba ya heshima? Kibuyu cha mursik! Maziwa ya mgando yanakaa humo wiki nzima bila kuharibika. Kwa nini dawa ishindwe?

Nimechukua kibuyu kimoja kitupu kati ya sita vya Shangazi, vilivyokwisha kusafishwa na kupakwa mkaa. Nikamimina dawa humo, nikakifunga uzi mwekundu shingoni nisikosee, nikakirudisha kwenye rafu. Mahali pa kukitunza kibuyu ni kati ya vibuyu.

Nadhani leo nimefikiri vizuri. Nakushukuru, Mwalimu, ulitufundisha kutumia vilivyopo.

Ijumaa, 15 Agosti

Jana mvua, tangini ni kama kukaa ndani ya ngoma. Leo nimechapa. Karatasi ya kwanza: ukungu. Ya pili, nikahesabu mpaka mwisho wa sala na Amina: ukungu wenye mabega. Ya tatu, sala mara mbili: ukungu wenye mabega na kofia. Uso haupo.

Nikakimbia kwa Mzee Gerishon na dawa kidogo kwenye kikombe. Jogoo wangu alikuwa juu ya kaunta, akanitazama kama hanijui. Mzee alinusa. Akauliza kwa upole mbona dawa inanuka moshi. Nikamweleza. Alikaa chini kwenye gunia. Akasema, "Mama wee, mkaa umeinywa dawa yote! Hayo yaliyobaki ni maji ya kuoshea masufuria." Akacheka mpaka akajifuta machozi, akaniambia kwamba yeye mwaka wake wa kwanza aliharibu harusi nzima ya watu wa posta, na bibi harusi mpaka leo akimwona huvuka barabara. Namshukuru kwa kuniambia hivyo.

Nimebaki na karatasi moja. Moja! Na pakiti moja ya dawa. Chupa sina.

Dawa iliyokufa nimeirudisha kibuyuni. Labda ikipumzika itapata nguvu.

Dada aliniuliza kama picha iko tayari. Nikasema inakaribia. Alikuwa amekwisha kununua fremu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika polepole nisiruke kitu.

Wageni walifika saa nne kwa pikapu, Mzee Kipyego mbele, babu yake Kipkorir, mtu mrefu anayeinama mlangoni. Watu waliomba, wakaimba, wakaketi. Shangazi akaleta mursik. Alikuwa amepanga vibuyu upya asubuhi na kukata kile kiuzi chekundu. Alisema baadaye kwamba alidhani ni uchafu wa watoto.

Akakitikisa kibuyu kama inavyotakiwa. Akamimina kwenye kikombe cha Mzee Kipyego. Yakatoka maji ya rangi ya kutu yenye unga wa mkaa.

Mzee Kipyego alikitazama kikombe. Akakiweka mbali. Akasema, "Mama, sisi wa Moi's Bridge tumezoea maziwa. Lakini sisi ni watu wa shamba, pengine hapa mjini mmeendelea."

Mgeni mmoja alichukua kofia yake. Kama wangeondoka, posa ingeondoka nao. Dada alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vyake vimeshika kitambaa.

Nilisimama. Nikasema msinywe, ni dawa ya picha, ni mimi. Nikasema yote: jogoo, tangi, kuku, ugali, mkaa. Nilikusudia kusema kwa kifupi lakini nikianza kusema ukweli huwa sijui pa kuacha. Niliwaeleza hata ile insha ya nyuki. Mama alifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

Mzee Kipyego aliomba kuiona hiyo picha. Nikaleta ule ukungu wenye kofia, na negativu. Akaiinua negativu dirishani, akafumba jicho moja. Kisha akasema yeye ameketi kwenye koito nyingi, amelainishwa kwa nyama na kwa maneno, lakini hajawahi kumiminiwa baba wa bibi harusi kikombeni.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha nyumba nzima. Yule mgeni aliweka kofia chini.

Mzee akaniuliza nimepungukiwa na nini. Nikasema chupa ya kahawia. Watu wakatazamana, maana wote wale ni watu wa kanisa. Mzee alikohoa. Akasema nyuma ya kiti cha pikapu huenda kuna chupa tupu ya dawa ya ng'ombe. Kipkorir akaenda mbio bila kuelekezwa. Kibandiko cha chupa kilikuwa kimebaki nusu. Mama hakukisoma. Mama husoma kila kitu.

Wamekubaliana. Harusi ni Desemba. Nawashukuru wageni, kila mmoja, na ng'ombe wa Mzee Kipyego ambaye hakuugua, lakini dawa yake ikaisha.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa nilichanganya pakiti ya mwisho. Mama alisimama upande wa lile tundu kufukuza kuku, akiwa na viatu vyake vya Jumapili. Dada akaingia tangini nami. Hatukutoshea, lakini tuliingia.

Karatasi moja. Nilihesabu kwa sala, mpaka kwenye riziki. Nikaitia kwenye trei.

Kwanza kofia. Kisha kola ya shati. Kisha macho, yakitutazama kama mtu anayefungua mlango. Dada alinishika shingo kwa nguvu. Mwisho ukaja mdomo, unacheka, na meno meupe! Na ile nukta niliyoifuta kwa leso tangu Jumatatu haikuwa vumbi.

Ni mwanya. Katikati kabisa. Kama wangu.

Nilitoka nje nikamwonyesha Mama meno yangu, nikamwuliza kama alijua. Akasema kila siku nikicheka anajua. Akasema hakuniambia kwa sababu alidhani nimeona.

Picha iko kwenye fremu ya Dada. Desemba itakwenda Moi's Bridge. Ni yake, niliahidi. Nashukuru sana. Nimeitazama mara kumi na tisa.

Jumatatu, 18 Agosti

Asubuhi nilipita kwa Njambi kumpa insha yake. Akasema, haya Geti. Nikacheka kwa meno yote. Alichanganyikiwa.

Sasa nataka picha moja ya Baba, ya kwangu, kabla Dada hajaondoka. Mzee Gerishon amepata karatasi kumi na pakiti moja ya dawa, nitamlipa kwa kupalilia sukuma wiki zake. Dawa ya jana nilikuwa nimeitunza kwenye ile chupa, lakini leo asubuhi Mama alisoma kibandiko kilichobaki kwa sauti, akaizika chupa nyuma ya zizi na dawa yake ndani. Sijakata tamaa. Kosa halikuwa kibuyu, Mwalimu. Kosa lilikuwa mkaa! Shangazi Rael ana kibuyu kipya kizuri, hakijapakwa kitu, anakitunza kwa ajili ya harusi ya Desemba. Yuko sokoni mpaka jioni. Nimekitia dawa na kukifunga nyuzi mbili safari hii.

Kwa hiyo tafadhali nijibu mara tu upatapo daftari hili, maana wewe ulisoma sayansi: kibuyu kisicho na mkaa kikitiwa dawa ya picha kwa wiki tatu, kisha kikaoshwa vizuri sana, je, mursik ya harusi itakuwa na ladha ya dawa?